Muulizeni mgonjwa habari za mbuzi wake

Profesa John Crump, daktari bingwa wa magonjwa ya kuambukiza kutoka New Zealand, aliishi Moshi kwa miaka mingi akichunguza homa. Mwaka 2007 hadi 2008, yeye na wenzake walipima wagonjwa 870 waliolazwa. Madaktari waliamini 528 wana malaria. Vipimo vikaonyesha 14 tu! Baadhi ya wengine walikuwa na brusela, homa ya mgunda, homa ya Q, magonjwa yatokayo kwa wanyama. Baadaye watafiti walikuta vimelea vya brusela, aina ya mbuzi na kondoo, katika damu ya wagonjwa wa Endulen, Ngorongoro. Inaniuma mfugaji anapomeza dawa za malaria huku viungo vikimuuma kwa brusela. Brusela hutaka antibiotiki za wiki sita.