Panzi Asiyeweza Kuhama



Kusini mwa Ufaransa, karibu na mji wa Arles, uko uwanda wa mawe na nyasi fupi uitwao Crau. Hapo zamani mto Durance ulipita, ukayaacha mawe yale. Katika uwanda huo, wala si penginepo duniani, huishi panzi mmoja wa rangi ya kijivu, afananaye na mawe anayokaa juu yake. Mbawa zake ni fupi mno, hawezi kupaa. Jike hutaga mayai udongoni, na majira ya joto yakiisha wakubwa wote wamekwisha kufa.

Sehemu kubwa ya uwanda huo imelimwa na kujengwa. Ndege akifukuzwa huenda pengine. Panzi huyu hana pengine. Ndipo mwaka 2001 ikatengwa hifadhi katika nyika iliyosalia. Kondoo wangali wakichungwa humo, na wataalamu huwazalisha panzi hao ili kuwarudisha nyikani.

Wapelelezi wa Musa walijiona kama panzi, wakaogopa. Lakini Bwana wetu alifundisha ya kuwa Baba hamsahau hata shomoro. Basi na tuulizane: katika mtaa wetu, ni nani asiyeweza kuhama? Ni mjane ambaye shamba lake lagombaniwa na ndugu za marehemu. Tusimwambie atafute pengine. Tumlinde papo hapo alipo, tukianza na mpaka wa shamba lake.

Mungu atusaidie. Amina.