Tusiwafunge vijana midomo kwa jina la dini



Ndugu Waislamu, leo nina kosa langu la kukiri. Baada ya swala ya Magharibi hapa Bariadi, kijana mmoja wa darsa aliniuliza: "Ustadhi, shuleni tumeambiwa meno ya papa yamechimbuliwa nchi kavu huko Lindi. Tuamini?" Nikamkemea mbele ya wenzake kwamba hayo ni maneno ya makafiri. Tangu siku ile hajaonekana darsani.

Nikafuatilia. Kumbe ni kweli! Katika kilima cha Tendaguru, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin. Walioibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi ni wazee wetu. Katika matabaka hayo ya miaka kama milioni 150 yamo pia meno ya papa, ambayo wataalamu waliyaeleza mwaka 2002. Papa na taa hawana mifupa, wana gegedu ambayo huoza upesi. Lakini meno yao ni magumu, na huota na kung'oka maisha yao yote. Ndiyo maana meno hubaki, mwili ukapotea.

Waislamu wa zamani hawakuogopa mambo haya. Al-Biruni, yapata miaka 1000 iliyopita, alizungumzia makombe yanayopatikana watu wakichimba visima Arabuni, akasema jangwa lile liliwahi kuwa bahari. Hakuna aliyemtoa katika dini.

Katika Suratul Ankabut, aya ya 20, Allah anatuagiza tutembee katika ardhi tutazame alivyoanzisha uumbaji. Mimi niliyeihifadhi aya hiyo ndiye niliyemzuia kijana kutazama!

Na kutazama kuna adabu yake. Masalia haya ni amana, yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Jino lililookotwa na kuuzwa bila kuandikwa lilipotoka limepoteza nusu ya ushahidi wake.

Walimu wenzangu, usilolijua sema "Allahu aalam", kisha nenda kasome. Mimi nitakwenda kwao kijana yule, nimrudishe darsani, na radhi nimwombe pale pale nilipomuaibisha.