Haki ya Mbwa wa Shamba

Huko Newala na Masasi nguruwe mwitu huja usiku kufukua muhogo, na mbwa hukesha pamoja na mkulima. Kukicha, akisogea barazani hupigwa jiwe. Ukiuliza sababu, waambiwa: "Huyu najisi."

Najisi, naam. Katika madhehebu yetu ya Shafii, chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini hiyo ni hukumu ya chombo, si ruhusa ya jiwe. Mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa kufugwa. Na yule aliyeteka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu alimghufiria.

Mwaka 1837 Mwingereza Edwin Landseer alichora mbwa wa mchungaji ameegemeza kichwa juu ya jeneza la bwana wake. Picha nzuri, ila kumhuzunikia mbwa wa pichani ni rahisi: haombi maji. Wa Newala huomba, na juu ya uwanda ule kwa miaka mingi maji yaliteremkiwa bondeni, yakapandishwa kichwani. Hapo ndipo pazito. Basi na atengewe kigae chake, mbali na vyombo vya nyumbani, atiliwe humo kabla ya usiku kuingia.