Na Ngeze Umemwacha Wapi?



Likizo iliyopita nilihudhuria mafunzo ya siku tatu ya walimu wa somo la historia. Wengi walikuwa walimu wa kazini, wengine wamefundisha miaka 20 na zaidi, na sisi wachache tulikuwa wanachuo wa ualimu tuliokaribia kwenda mazoezi ya kufundisha. Mada ilikuwa moja tu: namna ya kufundisha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 kwa watoto ambao hawakuwepo. Kusema kweli hata mimi sikuwepo.

Siku ya kwanza hatukuzungumzia watoto kabisa. Tulizungumzia walimu. Mkufunzi alituuliza ni nani aliyewafundisha watoto wa Rwanda kwamba wao ni makabila mawili yasiyopikika chungu kimoja. Wabelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho miaka ya 1930, hilo kila mtu analijua. Lakini mtoto wa miaka saba hana kitambulisho. Alilijua kabila lake darasani, pale mwalimu aliposhika daftari na kusema Wahutu simameni, kisha Watutsi simameni. Mama mmoja mwalimu alisimulia alivyosimama na kundi lisilo lake kwa sababu rafiki yake alikuwa huko, akachapwa na kurudishwa nyumbani akaulize yeye ni nani. Ukumbi ulinyamaza. Ndipo nikaelewa kwa nini baada ya 1994 serikali ilisimamisha somo la historia ya Rwanda mashuleni kwa miaka mingi. Chaki ilikuwa na damu.

Leo somo limerudi. Mtaala ulioanza kutumika 2016 unataka elimu ya mauaji ya kimbari ipite katika masomo mbalimbali, lakini karatasi haifundishi. Anayefundisha ni mwalimu, na mwalimu ana hofu. Darasa moja lina mtoto ambaye bibi yake ndiye pekee aliyebaki katika ukoo mzima, na nyuma yake amekaa mtoto ambaye babu yake alifungwa kwa kuua. Wengi waliokiri pale ukumbini walisema wao husoma tu kitabu kwa sauti mpaka kipindi kiishe.

Siku ya pili tulipewa kazi. Kila mmoja aandae somo la dakika 40 juu ya watu waliokataa kuua. Nilifurahi mno, maana niliona hili ni langu. Nikaandika juu ya Biryogo na Nyamirambo, jinsi Waislamu walivyowaficha majirani zao majumbani na misikitini. Nikaandika juu ya Mabare, kule Rwamagana, ambako Waislamu, Wahutu kwa Watutsi, walisimama pamoja msikitini wakikataa kutenganishwa, na wengi wao wakauawa pamoja. Nikamalizia kwa kueleza jinsi watu wengi walivyosilimu baada ya vita kwa sababu ya waliyoyaona. Niliisoma kazi yangu kwa sauti ya mtu anayehutubia siku ya Ijumaa.

Mwalimu mmoja mzee, Mkristo, alinyosha mkono taratibu. "Umesoma vizuri, kijana wangu. Na Ngeze umemwacha wapi?"

Kwa wasomaji wetu wa nchi jirani: Hassan Ngeze alikuwa mhariri wa gazeti la Kangura. Mwezi Desemba 1990 gazeti hilo lilichapisha zile Amri Kumi za Wahutu, na moja ya amri hizo iliwataka Wahutu waache kuwahurumia Watutsi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimhukumu mwaka 2003 pamoja na wakubwa wawili wa redio RTLM. Alipewa kifungo cha maisha, na mahakama ya rufaa mwaka 2007 ikampunguzia hadi miaka 35. Na alikuwa Muislamu.

Nilikuwa namjua. Nilimwacha kwa makusudi.

Niliporudi chuoni nilimweleza ndugu mmoja wa jumuiya yetu, mtu ninayemheshimu kwa elimu yake. Hakunielewa kabisa. "Akhi," aliniambia, "unataka kuanika aibu ya Muislamu mbele ya watoto wa watu? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumsitiri Muislamu. Makanisa yana historia yao, waache waisimulie wenyewe. Sisi tuna jambo moja jema katika nchi hii, na wewe unalitia doa." Si hoja ya kupuuzwa. Sisi ni wachache, asilimia mbili hivi ya wananchi. Enzi za ukoloni babu zetu waliitwa Waswahili, wakatengewa mtaa wao kama wageni ndani ya nchi yao, na kwa miaka mingi kuitwa Mswahili lilikuwa tusi la mtu asiye na shule wala adabu. Baada ya 1994 kwa mara ya kwanza watu walitutazama kwa heshima. Nani anataka kuirudisha?

Nimelifikiria jambo hili majuma kadhaa, na naomba niseme nilipofikia.

Kusitiri ni jambo kubwa katika dini yetu, lakini nadhani ndugu yangu amelitoa mahali pake. Dhambi inayositiriwa ni ile iliyo baina ya mja na Mola wake, au kosa la mtu aliyeteleza na hakudhuru wengine. Ngeze hakuteleza chumbani kwake. Aliandika, akapiga chapa, akauza. Haki iliyopotea ni ya waliouawa, na mimi sina mamlaka ya kumsamehe kwa niaba yao kwa njia ya kunyamaza. Imam An-Nawawi, katika Riyadhus Salihin, alitaja hali sita ambazo kumtaja mtu kwa ubaya si kusengenya, na mojawapo ni kuwatahadharisha watu na shari. Tena elimu yetu yenyewe ya hadithi imejengwa juu ya kutositiri: wanachuoni waliwapima wapokezi mmoja mmoja, wakasema huyu mkweli, huyu mwongo, huyu hana hifadhi, hata kama alikuwa mtu wa swala na saumu. Wangewasitiri wote, leo tusingejua hadithi ipi ni ya kweli.

Halafu kuna aya ya 135 ya Suratun Nisaa, tunayoisikia mara kwa mara kwenye mawaidha ya haki. Inatuamrisha tuwe mashahidi kwa ajili ya Allah hata kama ushahidi huo uko dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Kutoa ushahidi dhidi ya jamaa wa jirani hakuhitaji aya.

Lakini kilichonikamata zaidi kilitoka darasani, si kitabuni. Siku ya tatu mkufunzi alituuliza tutamwambia nini yule mtoto ambaye babu yake aliua, akiuliza kama naye ana hatia. Nikajibu haraka, kwa sababu hilo tunalo katika Qur'ani: hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Mkufunzi akapenda jibu, akaliandika ubaoni. Nikakaa. Kisha nikakumbuka kwamba katika Suratun Najm, mara tu baada ya maneno hayo, inakuja aya inayosema mtu hana ila kile alichokihangaikia mwenyewe. Kama mtoto yule habebi hatia ya babu yake, mimi ninavaaje ushujaa wa Mabare? Niliyezaliwa baada ya vita, nimemficha nani?

Hapa ndipo somo langu lilipoharibika, na nashukuru liliharibika. Sikuwa nafundisha mauaji ya kimbari. Nilikuwa nayatumia kuwafanyia da'wa wanafunzi waliofungiwa darasani, tena kwa wafu wa watu wengine. Nilipoitazama tena kazi yangu niliona nimewaacha wengi. Hakukuwa na Watutsi Waislamu waliouawa. Hakukuwa na Gisimba, Mkristo, aliyewahifadhi mamia ya watu kwenye kituo chake cha yatima palepale Nyamirambo, mtaa niliouita wetu. Hakukuwa na wanafunzi wa Nyange, ambao Machi 1997 wavamizi waliingia madarasani wakawaamuru wajitenge kikabila, wakakataa, na baadhi wakauawa. Watoto wale walikuwa wa rika la hawa nitakaowafundisha, na wengi wao hawakuwa wa dini yangu.

Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa Mungu kwa makosa ya Kanisa na watu wake katika mauaji yale. Nakumbuka tulivyolizungumza jambo hilo barazani kwetu. Tulisema amechelewa. Hakuna aliyeuliza sisi tumesema nini juu ya watu wetu.

Ndugu yangu wa jumuiya ana hoja moja ambayo sijaimaliza. Anasema watoto husikia jina moja baya wakasahau mema mia. Ni kweli, nami nimeliona katika mazoezi ya kufundisha. Nilipotaja Kangura katika shule moja ya Kigali, kijana mmoja aligeuka akamtazama msichana aliyevaa hijabu. Aligeuka tu, hakusema neno. Nilisimamisha somo, nikawauliza wote kwa nini tumetazama upande ule, na dakika kumi na tano zilizobaki ziliishia hapo. Mabare sikuifikia siku ile. Niliifikia juma lililofuata, na yule msichana ndiye aliyeomba kusoma.

Sasa naanza na zile amri. Nawaambia kwamba aliyezichapisha alikuwa na jina la Kiislamu, na kwamba sura zote za Qur'ani isipokuwa moja zinaanza kwa kutaja huruma, ile ile aliyoitaka iondolewe. Kisha naingia Mabare, kisha Gisimba, kisha Nyange. Dakika 40 hazitoshi, nimeomba vipindi viwili.

Ndugu yangu bado anasema nimekosea. Tunaswali safu moja. Juzi ameniomba nizungumze kwenye kisomo chetu cha wiki ya kumbukumbu, kuanzia tarehe 7 Aprili, mada iwe Waislamu na uokozi. Nimemwambia nitakuja, lakini nitakuja na somo zima. Ameniambia atafikiria.