Kazi Kwanza, Gwanda Baadaye

Wanangu na wajukuu zangu wa Nyasura, na ninyi wenzao wa Butiama na Musoma mliovaa gwanda au mnaosubiri kulivaa, nawajibu wote kwa pamoja, maana swali mnaloniletea ni moja. Huyu yuko Magereza, anataka kuhamia Jeshi la Wananchi. Yule ni askari wa miguu, lindo limemchosha, ameambiwa Jeshi la Anga lina kazi za kompyuta. Wa tatu ni kijana wa JKT pale Rwamkoma, anauliza aombe jeshi lipi ili awe mtu wa mitandao: wa kuunganisha kompyuta, kufunga ruta na kulinda mawasiliano yasiingiliwe.

Hamu hiyo ni njema, nami sitaizima. Mkoa wetu wa Mara umetoa askari wengi, na sifa tunayopewa mara nyingi ni ya ukakamavu. Lakini vita havipiganwi kwa ukakamavu peke yake. Mwangalieni mzee wetu wa Butiama, Jenerali David Musuguri, aliyeingia KAR, jeshi la wakoloni wa Kiingereza, mwaka 1942 akiwa askari wa kawaida, akawa Mkuu wa Majeshi mwaka 1980, na akatutoka Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Machi 1979, katika vita dhidi ya Idi Amin, aliongoza Divisheni ya 20 ndani ya Uganda. Pale Lukaya brigedi yake ya mbele ilishambuliwa na majeshi ya Amin yakisaidiwa na Walibya, ikarudi nyuma kwa mtafaruku. Brigedi ya 208 ilikuwa mbali, upande wa kaskazini-magharibi. Iliamriwa kugeuza njia, ikatokea kwenye barabara ya Kampala, na adui akajikuta amebanwa pande mbili. Amri ya namna hiyo haifiki kwa kupaza sauti. Lazima awepo askari anayejua kazi ya mawasiliano, tena anayeijua usiku, akiwa na njaa na mabomu yakilia. Kwa hiyo mnachokitamani ni kazi ya kiaskari kamili.

Sasa tusemezane kuhusu milango. Matangazo ya kuandikisha vijana JWTZ ya miaka hii ya karibuni yamesema wazi kwamba mwombaji asiwe amewahi kutumikia Polisi, Magereza, wala Chuo cha Mafunzo na KMKM vya Zanzibar. Yameweka na ukomo wa umri: miaka 24 kwa mwenye elimu ya sekondari, 27 kwa mwenye shahada. Wewe uliye Magereza, ukiandika barua ya kuacha kazi leo kwa kutegemea kuingia JWTZ kesho, utakuwa umeutoka mlango wako na kuuendea uliokwisha kufungwa. Wahenga walituachia neno: usiache mbachao kwa msala upitao. Magereza nao wana kompyuta. Polisi wana kompyuta, Uhamiaji vivyo hivyo. Kila mahali penye kompyuta mbili zinazosemezana panahitaji mtu wa mitandao. Kabla ya kutamani jeshi la jirani, uliza nani anatengeneza mtandao wa kituo chako unapokatika, na ukajifunze kwake.

Nawe askari wa miguu unayetaka kwenda Anga au Wanamaji, uko ndani ya jeshi moja, hivyo njia yako ni ya kuomba. Barua yako itapanda kwa ngazi: mkuu wa kombania, mkuu wa kikosi, kisha juu. Usiruke ngazi hata moja, na usimtume mjomba mwenye cheo akusemee. Tena fahamu kwamba jeshi humpeleka mtu linakomhitaji. Barua inayosema "nimechoka na lindo" inamwambia mkubwa wako kwamba kesho utachoka na kompyuta pia. Barua inayotaja cheti ulichopata na kazi uliyoifanya inampa sababu ya kukuombea. Na wakati unasubiri jibu, lindo lako liwe safi kuliko la mwenzako, maana atakayeulizwa habari zako ni huyo huyo mkuu unayetaka kumwacha.

Kijana wa Rwamkoma, utumishi wa kujitolea ni miaka miwili, na JKT wenyewe wamerudia kusema kwamba hawaahidi ajira. Usitoke na kwata peke yake. Toka na fani.

Nayo fani hii si kukaa kwenye kiyoyozi. Chukua waya mmoja wa mtandao, umenye ganda. Ndani utakuta nyuzi nane zilizosokotwa jozi nne. Zinyooshe, uzipange: nyeupe yenye rangi ya chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, bluu, nyeupe yenye bluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Zikate ziwe sawa, uzisukume kwenye kichwa cha plastiki mpaka zigote, kisha ubane kwa koleo. Ukikosea mpangilio, mtandao haupiti, au unapita kwa kusuasua na wewe unahangaika siku nzima ukilaumu kompyuta. Ukivuta waya huo zaidi ya mita 100 bila kifaa cha kuupa nguvu, usitarajie ufanye kazi sawasawa.

Baada ya mikono, hesabu. Ukipewa anwani za mtandao 256 uzigawie ofisi nne sawasawa, kila ofisi inapata 64, lakini za kuvipa vifaa ni 62 tu, kwa kuwa ya kwanza ni ya mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kutangazia wote. Anayeweza kugawanya hivyo kwa kalamu na karatasi amekwisha kuanza safari. Akishafika hapo ndipo atafute cheti, iwe cha chuo kama DIT au Chuo Kikuu cha Dodoma, iwe CCNA ya Cisco, ambayo muda wake huisha baada ya miaka mitatu na inabidi uihuishe. Fani hii haina kuhitimu mara moja ukamaliza.

Uzuri wake ni kwamba haitegemei gwanda. Mnakumbuka Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Siku ile hakuna aliyeuliza fundi amevaa sare ya rangi gani. Kila mtu alitaka tu anayejua kazi.

Nawausia mambo mawili zaidi. La kwanza, mtu akikwambia atakupatia nafasi jeshini au atakuhamisha kwa fedha, huyo ni tapeli. Jeshi limeonya mara nyingi kwamba nafasi zake haziuzwi. Ng'ombe wa baba yako asiuzwe kwa ahadi ya simu. La pili, usijifunzie kwenye mtandao wa watu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu mkosaji anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, hata kama anadai alikuwa anajaribu tu. Ukiwa askari, ongeza na hili: mchoro wa mtandao wa kikosi si picha ya kuwaonyesha marafiki. Mtu wa mitandao hupewa funguo za siri za wenzake wote, na mdomo wake ndio unaopimwa kabla ya elimu yake.

Wanangu, msivue gwanda mlilo nalo kwa sababu ya kazi msiyoijua bado. Ijueni kwanza, hapo hapo mlipo, kwa waya, kwa kalamu na kwa nidhamu. Kisha andikeni barua, mwipitishe kwa wakubwa wenu. Ikikubaliwa, nendeni kwa heri. Ikikataliwa, fani mnayo, na hakuna atakayewanyang'anya.