Haki ya Usingizi kwa Mtu Mzima

Mtu mzima mwenye afya anahitaji kulala saa 7 au zaidi kila usiku. Ndicho kiwango walichokubaliana wataalamu wa usingizi wa Marekani mwaka 2015, na hakipungui kwa sababu mtu ana cheo, ana biashara changa au ana watoto wadogo. Hata hivyo, siku ikibana, usingizi ndio wa kwanza kukatwa. Anayekesha husifiwa kuwa mchapakazi. Anayeaga mapema akalale huambiwa amezeeka. Sifa hiyo si ya haki, kwa kuwa madhara ya kukosa usingizi hayaishii kwa aliyekesha.

Tangu mtu anapoamka, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Usingizi huiondoa. Kahawa haiiondoi, huzuia tu isihisiwe. Tena nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini saa 5 hivi baada ya kunywewa, hivyo vikombe vya barazani baada ya magharibi humfuata mnywaji hadi kitandani. Zaidi ya hapo ipo saa ya mwili, inayofuata mwanga na giza. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2017 kwa kugundua jinsi saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya seli. Kwa watu wengi, nguvu za mwili na akili hushuka kabisa kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri.

Dereva wa basi au lori aliye barabarani muda huo hufungua kioo, huongeza sauti ya redio, hujipiga makofi mashavuni, hutafuna karanga au miraa. Hakuna hata kimoja kinachofidia usingizi uliokosekana. Ubongo ukizidiwa hujizima kwa sekunde chache, pengine macho yakiwa wazi, na gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita zaidi ya mita 100 katika sekunde 4. Majaribio ya Australia ya miaka ya 1990 yalionyesha kuwa aliyekaa macho saa 17 mfululizo huzorota sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Sheria ya barabarani ya Kenya humkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Tajiri anayemshurutisha dereva wake ageuze usiku uleule anacheza na roho za watu. Abiria anayemwona dereva akipiga miayo mfululizo amwambie kwa heshima aegeshe, na dereva asione aibu kulala dakika 20 mahali salama.

Hatari kubwa zaidi ni kwamba aliyepungukiwa na usingizi hajijui. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, watu waliolala saa 6 au pungufu kwa wiki 2 walipungukiwa na umakini hadi kufanana na watu waliokesha usiku mzima, au hata usiku 2, ilhali wenyewe walijiona wamesinzia kidogo tu. Basi anayesema ameshazoea asijitolee ushahidi mwenyewe. Asubiri kucha kabla ya kuweka saini ya mkopo, kumkaripia mtoto au kujibu ujumbe uliomuudhi, maana hasira za usiku nyingi ni uchovu. Kulala kidogo kwa muda mrefu huambatana pia na shinikizo la damu, kisukari na kinga dhaifu ya mwili.

Wapo wasiolala kwa sababu wenzao wamewaachia kazi. Mama anayeuza maandazi huamka saa 9 usiku akaumue unga, naye saa 5 usiku alikuwa bado anaosha sufuria huku wengine wakitazama televisheni. Kumwambia alale mapema bila kumpokea sufuria ni maneno matupu. Nyumba yenye adabu hugawana kazi za jioni, hupokezana mtoto mchanga, na humwachia aliyetoka zamu ya usiku chumba chenye giza na utulivu mchana.

Adabu hiyo huvuka ukuta pia. Mgeni aage kabla mwenyeji hajaanza kusinzia. Muziki wa sherehe ushushwe usiku, kwani jirani ana kazi kesho. Simu ya usiku wa manane iwe ya dharura, na bosi asimwandikie mfanyakazi usiku akitarajia jibu. Kila mtu naye aiweke simu yake mbali na mto, alale na kuamka saa zilezile hata siku za mapumziko, na akijilaza mchana asipitilize nusu saa.

Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini, au anayekosa usingizi usiku 3 kwa wiki kwa muda wa miezi 3, aende kwa daktari. Vidonge vya usingizi vya kujinunulia dukani si vya kuzoewa, wala havichanganywi na pombe.