Kuombwa Ruhusa Upya

Aliyebakwa ameamuliwa na mtu mwingine juu ya mwili wake mwenyewe. Ndiyo maana naamini kwamba maneno ya muuguzi wa Banissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, anapoomba ruhusa ni tiba, sawa na dawa za kuzuia VVU ambazo lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita.

Muuguzi anahitaji nguo za manusura ziwe ushahidi. Huzitia katika mfuko wa karatasi, maana ndani ya nailoni unyevu huuharibu. Anaweza kuzichukua kimya kimya, kazi ikaisha upesi. Anaweza pia kukaa, mikono yake ikionekana, akasema: "Dada, naomba buibui lako. Nitakueleza ni la nini. Ukikataa, matibabu yako yanaendelea vilevile." Mfuko ni ule ule, ila safari hii mwanamke ana "hapana" inayosikilizwa. Hata akikubali, amekubali yeye.

Manusura asipimwe kwa machozi. Mwaka 1974, muuguzi Ann Burgess na mwanasosholojia Lynda Holmstrom walichapisha utafiti wa wanawake waliofikishwa hospitalini Boston baada ya kubakwa: kuna waliolia na kutetemeka, na kuna waliojibu kwa utulivu kabisa. Wote walikuwa wameumia. Lakini mpaka leo binti mtulivu huulizwa, "Mbona hulii?" Swali hilo humjeruhi upya.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya 2006 inauhesabu ubakaji kuwa jinai. Hata hivyo, Kaskazini Mashariki kesi nyingi huishia kwenye maslaha: wazee wa koo mbili huketi, fidia ikatolewa, mara nyingi manusura mwenyewe hayupo. Siwadharau wazee hao; suluhu zao zimezuia damu nyingi kumwagika. Ila katika jambo hili aliyeumizwa husemewa, na huenda chumba cha muuguzi ndipo mahali pekee atakaposema mwenyewe.

Napo pia anaweza kunyamazishwa. Muuguzi asipojua Kigarre wala Kisomali, huitwa shangazi au shemeji atafsiri, na binti humeza nusu ya habari kwa kujua itafika nyumbani kabla yake. Hospitali iwe na mkalimani asiye wa ukoo wake, mwanamke ikiwezekana, anayebanwa na kanuni za siri kama muuguzi. Na binti aulizwe faraghani kama amemkubali, kabla ya swali la kwanza la fomu ya hospitali.